Punguzo la Kutodai na Bei ya Bima: Kumbukumbu za Gari Lililolala Mokowe

Punguzo la kutodai ni asilimia inayokatwa kwenye ada ya bima ya gari kwa sababu mwenye gari amemaliza mwaka, au miaka kadhaa mfululizo, bila kudai fidia kwa kampuni yake. Kila mwaka usio na dai huipandisha asilimia hiyo ngazi moja hadi ifike kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Dai moja huishusha, na katika mikataba mingine huifuta kabisa. Kinga ya punguzo ni nyongeza inayolipiwa kando ili dai likitokea asilimia ibaki pale pale. Wengi huielewa vibaya hapo, kwa kuwa kinacholindwa ni asilimia, si bei. Mtu anaweza kuhuisha bima yake na punguzo lote likiwa zima, halijaguswa, na bado akalipa maelfu ya shilingi zaidi ya mwaka uliotangulia.

Lamu si mahali ambapo mtu angetarajia kujifunza mambo ya bima ya gari. Mji wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na kwa miaka mingi gari la mkuu wa wilaya lilikuwa karibu peke yake kisiwani. Lakini kaunti ina upande wa bara, na huko magari yapo: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu. Mkazi wa mitaa ya mji huo, Langoni au Mkomani, mwenye gari huliacha Mokowe, akavuka mlango wa bahari kwa boti, na huenda asiliguse mpaka awe na safari ya Malindi au Mombasa. Gari la mwandishi wa kumbukumbu hizi liliishi hivyo kwa miaka, likilala uwanjani ng'ambo ya pili na kuamshwa kwa safari ndefu tu.

Gari la namna hiyo hujikusanyia punguzo kwa urahisi. Halipiti kwenye msongamano, haliegeshwi kando ya barabara ya mji mkubwa, na kwa siku nyingi adui yake ni chumvi ya bahari tu, ambayo hula mabomba ya breki na sakafu ya buti taratibu. Kutu, hata hivyo, si jambo la bima. Mikataba karibu yote huondoa uchakavu katika hasara zinazofidiwa, na anayesubiri kampuni imlipie bodi iliyooza kwa upepo wa kusi atasubiri bure. Hivyo miaka isiyo na dai hupangana, punguzo hupanda, na wakala huanza kupendekeza kwamba mali hiyo sasa ilindwe.

Ili kujua kama pendekezo hilo lina faida, ni lazima kwanza ijulikane ada inavyopatikana. Kenya ina bima za gari za ngazi tatu. Ya kwanza ni ya mtu wa tatu, ambayo Sura ya 405 ya sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, na ambayo humlipa aliyeumizwa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ya pili huongeza moto na wizi. Ya tatu ni bima kubwa, inayofidia pia gari lenyewe. Bima ya mtu wa tatu huuzwa kwa bei moja kwa aina ya gari, na kwa kawaida punguzo la kutodai halina nafasi kubwa humo. Habari yote ya punguzo iko kwenye bima kubwa.

Ada ya bima kubwa ni thamani ya gari mara kiwango cha kampuni. Chukua gari lenye thamani ya shilingi 1,200,000 na kiwango cha asilimia 4. Bei ya msingi ni shilingi 48,000. Mwenye gari akiwa na punguzo la asilimia 30, shilingi 14,400 zinaondoka na zinabaki 33,600. Juu ya hizo huja tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Tozo hizi ni ndogo na haziamui kitu. Kinachoamua ni zile namba tatu, yaani thamani, kiwango na punguzo, na kati ya hizo kinga hushika moja peke yake.

Mwandishi alilifahamu hilo baada ya ngiri kukatiza barabara usiku, si mbali na Hindi. Mnyama alikufa palepale. Bampa ilipasuka katikati, taa ya kushoto ikabaki ikining'inia kwa nyaya, na rejeta ikaanza kumwaga maji yaliyotiririka hadi kwenye mchanga wa kando ya lami. Yaliyofuata yanajulikana na kila aliyewahi kudai: abstrakti ya polisi, fomu ya madai yenye mchoro wa ajali, picha za pande zote nne, kisha kumngoja mkaguzi wa hasara atoke Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Gari lilikokotwa hadi gereji iliyokubaliwa na kampuni, na hapo ikaonekana kwamba mkataba ulikuwa na kikomo cha gharama ya kukokota. Kikomo hicho kinamfaa mtu wa Nyali, mjini Mombasa. Kwa mtu wa Mokowe ni kidogo mno, na kila mkazi wa Lamu anayenunua bima kubwa anapaswa kuomba kipandishwe kabla ya kulipa.

Fidia ililipwa bila ugomvi. Waraka wa kuhuisha ulipokuja kwa simu miezi kadhaa baadaye, ulikuwa na mstari mmoja wenye uzito: jumla ya kulipa, iliyokuwa imepanda. Punguzo lilikuwa lile lile na kinga ilikuwa imelipiwa. Wakala alipopigiwa alijibu kwa upole, "Mzee wangu, punguzo lako liko vilevile, ila reti ndiyo imepanda." Alikuwa anasema kweli. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Ila hakuna aliyekuwa amesema hivyo siku kinga ilipouzwa, na hiyo ndiyo lawama inayoistahili biashara hii kwa jumla.

Hesabu ya mfano uleule huonyesha kilichotokea. Baada ya dai, kampuni inapandisha kiwango kutoka asilimia 4 hadi 5, kwa kuwa sasa inamwona mteja huyu kuwa wa hatari zaidi. Bei ya msingi inakuwa 60,000. Aliyelinda punguzo lake anakatiwa asilimia 30 na kulipa 42,000, yaani 8,400 zaidi ya mwaka uliopita, ambalo ni ongezeko la robo nzima. Asiyelinda, ambaye mkataba wake unamshusha hadi asilimia 10, analipa 54,000. Kinga imemwokolea wa kwanza shilingi 12,000 katika mwaka huo. Haikumzuilia ongezeko, imelipunguza tu.

Faida ya kinga huendelea mwaka wa pili, kwa sababu asiyelinda hupanda ngazi moja moja. Akirudi asilimia 20 analipa 48,000, na tofauti yake na mwenzake ni 6,000. Mwaka wa tatu amefika asilimia 30 na wote wawili wako sawa. Kwa hiyo dai moja limempa mwenye kinga nafuu ya shilingi 18,000 kwa jumla. Sasa itazamwe gharama. Ikiwa kinga ilikuwa shilingi 2,500 kwa mwaka, na mtu aliilipia miaka mitano kabla ya ajali na miaka miwili baada yake, ametoa 17,500. Amebakiwa na shilingi 500. Angelipia miaka miwili tu kabla ya ajali, angefaidika vizuri. Angelipia miaka kumi, angekuwa amepata hasara. Kinga ya punguzo humfaa anayedai mapema, na humla polepole yule asiyedai kabisa. Gari linalolala Mokowe wiki nzima liko karibu zaidi na huyo wa pili.

Kuna jambo jingine linaloificha hesabu hii, nalo ni kushuka kwa thamani ya gari. Gari la 1,200,000 likithaminiwa upya mwaka unaofuata na kuonekana ni la 1,080,000, asilimia 5 yake ni 54,000, na baada ya punguzo la asilimia 30 ni 37,800. Mwenye gari anaona ongezeko la 4,200 na kulikubali kama kupanda kwa maisha. Ukweli ni kwamba kiwango kimeruka kwa robo, na kushuka kwa thamani kumefunika mruko huo. Anayetaka kujua kama dai limemgharimu asilinganishe jumla na jumla. Alinganishe kiwango na kiwango.

Magari makuukuu yana tatizo lao. Kampuni nyingi huweka ada ya chini kabisa kwa bima kubwa, ambayo haipungui hata thamani ya gari ikiwa ndogo namna gani. Gari la kazi lililochoka, la kubeba samaki kutoka Mokowe au nazi na korosho kutoka Mpeketoni, likikokotolewa ada yake laweza kuangukia chini ya kima hicho hata kabla ya punguzo. Hapo punguzo lipo kwenye karatasi tu, na kulilinda ni kulipia kitu ambacho hakiwezi kumfikia mwenyewe. Mwandishi ameona magari ya namna hii yakiuziwa kinga, na anaona ni uuzaji usiofaa.

Swali la vitendo zaidi ni lile la kudai au kutodai, na jibu lake huanzia kwenye eksesi, yaani kiasi ambacho mwenye gari hujilipia kwanza kabla kampuni haijatoa shilingi. Eksesi ikiwa asilimia 2.5 ya thamani, kwa gari la mfano ni shilingi 30,000. Mlango ukibonyea na fundi akataka 40,000, dai lingeleta 10,000 pekee. Kwa asiye na kinga, kupokea 10,000 hizo ni kupoteza 18,000 za punguzo ndani ya miaka miwili, pamoja na kiwango kupanda. Kulipa mwenyewe ni nafuu. Kwa mwenye kinga mambo ni ya kudanganya zaidi, kwa kuwa huhisi kwamba amekwisha kulipia haki ya kudai na kwa hiyo aitumie. Lakini kila dai dogo huingia kwenye historia yake, na kiwango hupanda kwa historia. Kinga inayomshawishi mtu kudai vitu vidogo humgeukia.

Hata hivyo, kutodai si sawa na kutotoa taarifa. Mikataba hudai ajali itangazwe haraka, hasa ikiwa kuna mtu aliyeguswa, kwa sababu majeruhi wa leo aweza kuja na wakili mwaka ujao. Mwenye gari anaweza kuijulisha kampuni kwa maandishi kwamba ajali imetokea na kwamba hadai fidia ya gari lake. Barua hiyo ihifadhiwe.

Jambo linalouma watu wa Lamu kuliko yote ni kwamba punguzo hufuata dai, wala halifuati kosa. Bodaboda ndizo zilizojaa Mokowe, Hindi na Mpeketoni, na si zote zenye bima hai. Moja ikiligonga gari lililosimama, dereva wa gari hana kosa lolote. Kampuni yake ikimtengenezea, itatafuta fedha zake kwa aliyekosa. Ikizipata zote, kwa kawaida punguzo hurudishwa. Aliyekosa akiwa hana bima wala mali, hakuna cha kupatikana, na dai hubaki kwenye jina la asiye na hatia. Hata pale palipo na kampuni ya upande wa pili, urejeshaji huchukua muda, na siku ya kuhuisha hufika kwanza. Kwa hasara ya aina hii kinga ya punguzo ina thamani ya kweli, na mwandishi haoni sababu nyingine yenye nguvu kama hii ya kuinunua Lamu. Abstrakti iseme wazi nani alikosa, na namba ya pikipiki iandikwe papo hapo, kwa maana kesho yake haitapatikana.

Kioo cha mbele mara nyingi huwa na kikomo chake chenyewe, na kukidai hakugusi punguzo. Wakati barabara ya Garsen hadi Lamu ilikuwa ya udongo na kokoto, kabla ya kilomita zake 135 kutiwa lami, jiwe lililorushwa na basi lilikuwa jambo la kawaida, na kifungu hiki kiliwafaa wengi. Bado kinafaa.

Kinga yenyewe ina mipaka. Kwa desturi huvumilia dai moja kwa mwaka, au mawili katika kipindi cha miaka mitatu hivi. Madai yakizidi hapo, punguzo hushuka kama la mtu mwingine yeyote. Haiilazimishi kampuni kuendelea na mteja, wala kubakisha eksesi ilivyokuwa. Na mwenye gari akihamia kampuni nyingine, kampuni hiyo mpya hudai uthibitisho wa miaka bila dai na orodha ya madai ya nyuma. Miaka iliyolindwa inaweza isikubaliwe huko, kwa kuwa ahadi ilitolewa na kampuni ya kwanza, na ya pili haikuahidi chochote. Ndiyo maana kinga humfunga mteja kwa kampuni aliyonayo, na kampuni inayojua kwamba mteja amefungwa haina haraka ya kumpunguzia.

Kinga ya punguzo isichanganywe pia na vitu viwili ambavyo mawakala wa Kenya huvitaja kwa pumzi moja. Kinga ya eksesi huondoa kile kiasi cha mwenye gari kujilipia pindi akidai. Haina uhusiano na punguzo. Bima ya ghasia za kisiasa na ugaidi hufidia hasara ambazo bima kubwa ya kawaida huziacha nje. Kwa Lamu hii ya pili si ya hiari kwa mtu mwenye busara. Usiku wa 15 Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na katika mashambulizi ya siku hizo zaidi ya watu 60 waliuawa, nyumba na magari yakachomwa. Aliyekuwa na punguzo kubwa lakini hana nyongeza hiyo hangekuwa na dai la kupeleka popote. Mwenye fedha za kununua nyongeza moja tu, anayesafiri kati ya Witu na Mokowe, anunue hiyo ya ghasia kwanza, ya eksesi ifuate, na ya punguzo iwe ya mwisho.

Nchini Uingereza, ambako kinga ya punguzo huuzwa kwa wingi, uuzaji wake ulichunguzwa na mamlaka ya ushindani, iliyotoa ripoti yake 2014. Ilionekana kwamba wanunuzi hawakuielewa bidhaa wanayoinunua. Amri ya 2015 ikazitaka kampuni zimwonyeshe mteja bei ya kinga, wastani wa punguzo kwa kila idadi ya miaka, na ngazi ambazo angeshuka akidai akiwa na kinga na akiwa hana. Zaidi ya hayo, lazima aambiwe waziwazi kwamba kinga haizuii ada kupanda. Tangu 1 Januari 2022 kampuni za huko zimekatazwa pia kumtoza mteja anayehuisha zaidi ya ambacho angetozwa kama angekuwa mteja mpya. Hakuna kati ya haya lililoziangusha kampuni hizo.

Mamlaka ya usimamizi wa bima ya Kenya, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2006 ya Sheria ya Bima, inapokea malalamiko ya wenye bima na ina uwezo wa kutoa miongozo. Haihitaji kupanga bei. Inatosha iagize kila waraka wa kuhuisha uonyeshe, kwa mistari minne, thamani ya gari, kiwango cha mwaka jana na cha mwaka huu, punguzo, na bei ya kila nyongeza peke yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mpaka hapo, mwenye gari aziombe namba hizo kwa maandishi kabla hajalipa. Kwa sheria bima haianzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo na azitake mwezi mzima kabla ya hati kuisha. Wakala asiyeweza kuzitoa asilipwe. Wapo wengine Mombasa, na simu inafika Lamu.